Betri Ipi kwa Gari Lipi?

Juma hili sitazungumzia siasa wala bei ya pamba. Nitazungumzia kitu kinachokaa chini ya boneti, ambacho wengi wetu hatukikumbuki mpaka siku kinapotuaibisha. Nacho ni betri ya gari.

Kilichonifanya nichague mada hii ni tukio la usiku mmoja pale Isaka, ambalo nililishuhudia kwa macho yangu. Nilikuwa nimelala kwa mwenyeji wangu, si mbali na reli. Yapata saa nane usiku tukagongewa mlango. Alikuwa kijana jirani. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jioni, mtoto amekaa vibaya, na mkunga amesema mama huyo apelekwe Kahama bila kuchelewa. Kutoka Isaka hadi Kahama ni kilomita 40 hivi, safari fupi kwa mtu mwenye gari zima.

Mwenyeji wangu ana gari dogo la Kijapani, moja ya yale yanayoletwa yakiwa yametumika. Alivaa shati haraka, akatoka na ufunguo. Mgonjwa akaingizwa kiti cha nyuma na mama mkwe wake akamshika. Ufunguo ukazungushwa. Tukasikia tak, tak, tak, taa zikafifia, kisha kimya. Akajaribu tena. Kimya.

"Tusukume!" wakasema vijana waliokwisha kusogea.

"Wanangu, hili ni otomatiki," mwenyeji wangu akajibu. "Hili halisukumwi."

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyakati zimebadilika. Wazee wenzangu mnakumbuka enzi za malori ya Bedford na Land Rover za zamani. Betri ikifa, utingo alichukua hendeli, akaipachika mbele ya injini, akaizungusha mara mbili tatu, gari likaunguruma. Ikikosekana hendeli, gari lilisukumwa kwenye mteremko, dereva akaingiza gia ya pili na kuachia klachi. Leo magari mengi madogo yanayoingia nchini ni ya otomatiki, hayana hendeli wala hayawaki kwa kusukumwa. Betri ikifa, gari lote limekufa. Kwa hiyo kosa la kuchagua betri, ambalo zamani lilikuwa usumbufu tu, siku hizi laweza kuwa suala la kufa na kupona.

Tuwaache kidogo mgonjwa na jirani zake pale uani, nitarudi kwao. Niseme kwanza jambo ambalo mwenyeji wangu alinieleza baadaye. Ile betri ilikuwa na miezi miwili tu tangu aliponunua. Aliinunua katika duka moja, mji sitautaja na mwenye duka simtaji. Aliuliza ni ipi inayofaa gari lake. Muuzaji akamwonyesha ya bei nafuu kuliko zote na kumwambia, "Mzee, betri ni betri." Maneno hayo matatu ndiyo ninayotaka kuyapinga leo. Betri si betri. Kila moja imetengenezwa kwa kazi yake.

Tuanze na betri yenyewe. Watu wengi huidhania betri kuwa kama debe la kuhifadhia umeme, unaujaza na kuuchota. Sivyo. Ndani ya betri ya kawaida ya gari mna vyumba 6. Kila chumba kina sahani za risasi, yaani lile madini zito laini, zilizozama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Kila chumba hutoa volti 2 na kidogo, na vyote 6 kwa pamoja hutoa volti 12 na ushei. Unapowasha gari, tindikali na risasi huungana na umeme hutoka. Injini ikiwaka, alternata huusukuma umeme kurudi, na sahani hurudi karibu na hali yake ya kwanza. Nasema karibu, kwa sababu kila mara kitu kidogo hupotea. Ndiyo maana betri huzeeka hata ikitunzwa.

Sasa angalieni kazi inayofanywa. Stata ya gari dogo huhitaji ampea 100, 200 au hata zaidi, lakini kwa sekunde chache tu. Ni kazi ya mkimbiaji wa mita 100. Kwa hiyo betri ya kuwashia gari huundwa kwa sahani nyingi na nyembamba, ili itoe nguvu nyingi kwa mkupuo mmoja. Lakini kuwasha taa za nyumba usiku kucha, au kuendesha televisheni, si mbio za mita 100. Ni kazi ya mpagazi anayebeba mzigo taratibu kutwa nzima. Kwa kazi hiyo kuna betri za sola, ambazo sahani zake ni chache lakini nene, na hustahimili kutumika kwa kina na kuchajiwa tena mara mamia.

Katika ukanda wetu huu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, kosa la kuchanganya kazi hizi mbili ni la kila siku. Huko kwenye machimbo madogo ya dhahabu na minadani, utakuta betri ya gari imefungwa kwenye taa za kambi, kwenye redio kubwa, au kwenye vipaza sauti vya kutangazia biashara. Asubuhi imekwisha kabisa. Inapelekwa kuchajiwa, usiku inamalizwa tena. Baada ya mara chache tu, zile sahani nyembamba hupukutika, na mwenye betri hulalamika kwamba ameuziwa betri bandia. Huenda si bandia. Mkimbiaji amebebeshwa gunia. Kinyume chake pia ni kosa. Mtu hupewa betri ya sola na shemeji yake, akaitia kwenye gari kwa kuwa ni kubwa na nzito. Asubuhi yenye baridi stata inadai nguvu za ghafla, na betri ile haina haraka hiyo.

Basi swali la kwanza dukani liwe hili: betri hii ni ya kuwashia gari, au ya kutumia umeme polepole? Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo, mwage kwa heri na uende duka la pili.

Swali la pili ni ukubwa. Betri nyingi tunazozikuta madukani hutumia alama za Kijapani. Utaona N50, N70, N100, N150 au N200. Tarakimu hiyo hukupa picha ya uwezo wake kwa ampea-saa: N50 ni 50 hivi, N70 ni 70 hivi, N200 ni 200 hivi. Gari dogo la petroli mara nyingi hutosheka na ampea-saa 35 hadi 45. Pikapu na basi dogo la dizeli huhitaji 70 au zaidi, kwa kuwa injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu nyingi na ni nzito kuzungusha. Malori makubwa ya semi-trela hutumia betri mbili, kila moja ya 120 hadi 200. Lakini haya ni makadirio ya kukupa mwanga. Neno la mwisho ni la kitabu cha gari lako, au la ile betri ya kwanza iliyokuja nalo.

Wapo wanaoogopa kwamba betri yenye ampea nyingi zaidi itaunguza gari. Hofu hiyo haina msingi, maadamu volti ni zilezile. Stata huchukua kiasi inachohitaji, kama vile mtu anavyokunywa maji kiasi cha kiu yake, iwe amesimama mbele ya mtungi au mbele ya Ziwa Viktoria. Hatari ya betri kubwa ni nyingine. Isipoenea katika kitako chake, hufungwa kwa kamba ya mpira, na siku gari likiruka shimo, kichwa cha betri hugusa bati la boneti. Hapo cheche hutoka, na moto huanza. Kwa upande wa betri ndogo kuliko inavyotakiwa, yenyewe haiunguzi kitu, bali hujiua taratibu kwa kuelemewa.

Angalia pia upande ilipo chanya na upande ilipo hasi. Betri mbili zinaweza kulingana kwa umbo na nguvu, lakini moja chanya yake iko kulia na nyingine kushoto. Herufi L au R mwishoni mwa alama huonyesha tofauti hiyo. Ukikosea, ama nyaya hazitafika, ama mtu mwenye papara atazivuta na kuzifunga kinyume, na hapo alternata na vifaa vya umeme huungua mara moja. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kwenda dukani na betri yako ya zamani, ukaziweka mbili hizo sambamba juu ya kaunta na kulinganisha urefu, kimo, na vichwa.

Swali la tatu: betri ya maji au betri kavu? Hapa ndipo ubishi wa vijiweni unapochacha. Kwanza tufahamu kwamba ile tunayoiita betri kavu, kwa kawaida, si kavu. Ndani yake kuna tindikali kama nyingine, ila imefunikwa na imeundwa ili isipoteze maji mengi. Uzuri wake ni kwamba haidai matunzo na haimwagi tindikali ovyo. Ubaya wake ni kwamba maji yakipungua huwezi kuyaongeza. Betri ya maji hudai ufungue vifuniko na kuangalia, lakini humpa mtu mwangalifu nafasi ya kuiokoa.

Kwa mazingira yetu, jibu langu ni hili. Adui mkubwa wa betri huku kwetu ni joto. Wataalamu hukadiria kwamba kila joto la betri linapopanda kwa nyuzi 10 hivi juu ya kiwango chake, maisha yake hupungua kwa nusu. Wenzetu wa Ulaya huhangaika na baridi, ndiyo maana matangazo ya betri za huko hujivunia nguvu ya kuwasha gari kwenye barafu. Isaka hakuna barafu. Kuna jua, vumbi na barabara za mashimo pindi unapoiacha lami kuelekea machimboni. Kama wewe ni dereva wa lori au pikapu, na unalo zoea la kufungua boneti kila juma, betri ya maji ya kazi nzito itakutumikia vizuri. Kama ni mwenye gari dogo, huna muda wala hujui kufungua boneti, chukua betri kavu, lakini mwambie fundi umeme apime alternata yako kwanza. Alternata inayochaji kupita kiasi huichemsha betri kavu kimyakimya mpaka ikafa, nawe hutaona dalili yoyote.

Na ukichagua betri ya maji, tafadhali iongezee maji yaliyotakaswa kwa ajili ya betri, basi. Maji ya kisima yana chumvi na madini yanayoharibu sahani. Wala usiongeze tindikali kwa kudhani unaongeza nguvu. Maji ndiyo yanayopotea kwa joto, tindikali hubaki. Ukiongeza tindikali juu ya tindikali, unazitafuna sahani. Na hata siku moja usiwashe kibiriti ili uone maji yamefika wapi. Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na hewa hiyo hulipuka. Tumia tochi. Tindikali ikikurukia machoni au mwilini, osha kwa maji mengi, kwa muda mrefu, kisha wahi hospitali.

Wapo pia wenye magari ya kisasa zaidi. Baadhi hujizima yenyewe kwenye foleni na kujiwasha tena dereva anapotaka kuondoka. Magari hayo huwashwa mara nyingi kwa siku, na huja na betri ya aina imara zaidi. Ukiweka ya kawaida itakufa mapema. Mengine yanatumia petroli na umeme kwa pamoja, na baadhi yake betri ndogo ya volti 12 hukaa nyuma, karibu na abiria, ikiwa na kijimpira cha kutolea hewa nje. Usiitoe hiyo na kuweka yoyote iliyopo. Usipende kuwavutisha watoto wako hewa ya tindikali.

Sasa nina neno maalumu kwa madereva wa malori, kwa maana Isaka ni mji wenu. Reli ya kati ilipofikishwa Mwanza mwaka 1928, Isaka ilikuwa kituo kama vituo vingine. Leo ni bandari kavu. Mizigo hushuka kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye malori yanayoelekea Rwanda, Burundi na Kongo. Juni 2021 liliwekwa jiwe la msingi la kipande cha reli ya kisasa kutoka Mwanza hadi Isaka, chenye kilomita 341, na pilikapilika zimeongezeka. Kutoka hapa hadi Kigali ni takriban kilomita 500 za barabara, na kukwama njiani kwa ajili ya betri ni hasara ya siku nzima, kama si ya mzigo wote.

Malori yenu ni ya volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana. Hizi ni kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja. Ukimfunga maksai kijana na mzee aliyechoka, mzee hufa na kijana huumia. Kwa hiyo zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Najua mwenye gari atanung'unika kuhusu gharama. Mwambie kwamba betri mpya aliyoiweka pembeni ya betri chakavu haitamaliza umri wake.

Jambo la pili, acheni desturi ya kuchomeka redio, feni, au chaja ya simu ya volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Betri ile hupungua kila usiku mnapolala maegeshoni. Asubuhi alternata huzichaji zote mbili kana kwamba ziko sawa, matokeo yake moja haijai na nyingine inachemka. Nunueni kile kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, ambacho huchukua umeme kwenye betri zote mbili. Ni rahisi kuliko betri moja.

Hebu sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Yule kijana alikimbia kwenye malori yaliyoegeshwa karibu na barabara. Akamgongea dereva mmoja, mtu mzima.

"Shikamoo mzee. Tuna mgonjwa, gari limekataa. Tunaomba moto."

"Marahaba mwanangu. Gari lenu la aina gani?"

Alipoambiwa, akachukua nyaya zake na kusogeza lori karibu, lakini magari yasigusane. Mmoja wa vijana akazinyakua nyaya na kutaka kuzifunga kwenye vichwa viwili vya mwisho vya betri za lori. Mzee akamshika mkono.

"Acha. Hapo ni volti 24. Gari lenu ni la 12. Ukifunga hapo utaunguza kila kitu, na mama huyu atabaki hapahapa."

Akalizima lori. Akachagua betri moja tu, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye chasisi. Waya mwekundu akaunganisha chanya ya betri hiyo na chanya ya betri iliyokufa. Waya mweusi akaufunga kwenye hasi ya betri hiyohiyo, na ncha ya pili akaifunga kwenye chuma cha injini ya gari dogo, mbali na betri, ili cheche isikutane na hewa ya betri. Wakangoja dakika kadhaa. Mwenyeji wangu akazungusha ufunguo, na gari likawaka. Yule mzee hakupokea hata shilingi. Alisema tu, "Msilizime mpaka mfike."

Nawaomba mlikumbuke somo hilo, hasa ninyi mnaokaa katika miji ya malori. Kuomba moto kwa lori bila kujua volti zake ni kuomba ajali. Kama hakuna anayejua, tafuteni gari dogo lenzake.

Nirudi dukani kumalizia. Betri huzeeka hata ikiwa rafuni. Huvuja umeme polepole, na kwenye joto huvuja haraka zaidi. Ikikaa miezi mingi bila kuchajiwa, sahani huota ukoko mgumu usioondoka. Kwa hiyo uliza ilitengenezwa lini, na umwombe muuzaji apime mbele yako. Betri nzima iliyojaa, ambayo haijatumika wala kuchajiwa kwa saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ikionyesha 12 au chini yake, usiichukue hata ukipunguziwa bei. Tazama kama vichwa vina mikwaruzo ya vishikio, maana ziko betri kuukuu zinazosafishwa, kubandikwa karatasi mpya na kuuzwa kama mpya. Dai risiti na dhamana iliyoandikwa tarehe. Muuzaji mkweli hakasiriki kuulizwa, na sisi husema kuuliza si ujinga.

Na kabla hujanunua, hakikisha kwamba betri ndiyo yenye ugonjwa. Pengine vichwa vimeota ukungu mweupe na umeme haupiti. Visafishe kwa maji ya moto na magadi, ukavikaze, upake grisi. Pengine alternata haichaji. Injini ikiwa inaunguruma, volti kwenye betri ziwe kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Zikiwa chini, hata betri ya dhahabu ya Geita haitakusaidia. Zikizidi 15, betri inachemshwa. Kipimo kidogo cha volti ni cha bei ndogo, na kila kijiwe cha mafundi kinacho.

Mwisho, tusisahau betri ya zamani. Ile risasi iliyomo ni sumu, na hudhuru zaidi ubongo wa mtoto. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sumu ya risasi iliyotokana na betri kuukuu zilizokuwa zikivunjwa mitaani. Karibu nasi zaidi, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyushia betri. Mwanamama Phyllis Omido alisimama kuwatetea, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi iliendelea mpaka Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliwapa wananchi ushindi. Kwa hiyo usimwage tindikali uani, usiivunje betri kwa shoka, wala usiyeyushe risasi jikoni kutengeneza vizito vya nyavu. Irudishe dukani. Wauzaji wengi huipokea na kukupunguzia bei ya mpya, maana risasi yake hutumika tena viwandani.

Ndugu msikilizaji, yule mama alifika Kahama kabla ya mapambazuko, akafanyiwa upasuaji, akapata mtoto wa kike. Wote wawili ni wazima. Lakini gari lile lilikaa kimya kwa zaidi ya nusu saa, na nusu saa hiyo ilitegemea bahati ya kumpata dereva mwenye nyaya, mwenye huruma, na mwenye kujua kazi yake. Si kila usiku utampata mtu wa namna hiyo.

Juma lililofuata mwenyeji wangu alikwenda kununua betri nyingine. Safari hii alikwenda na ile ya zamani mkononi, na kijana wa fundi umeme pembeni yake. Akauliza maswali yake yote, akapima, akadai risiti. Bei ilikuwa juu kuliko ile ya kwanza, lakini ukijumlisha mbili hizo utaona alilipa mara mbili kwa kazi moja. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Kwa hiyo siku muuzaji atakapokuambia kwamba betri ni betri, mjibu kwa upole, "Hapana ndugu yangu. Niambie kwanza ni ya kazi gani, ina ukubwa gani, na imetengenezwa lini."

Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaherini.